Ukuta wa Chumba Nisichoingia

Siku mama mkwe wangu alipoanguka, nilikuwa upande wa pili wa pazia. Nilikuwa sebuleni nikikunja nguo za kanisani. Nikasikia kitu kizito kikitua sakafuni chumbani kwao, kisha sauti ndogo ya Mama, kama mtu aliyeanza kukohoa akaacha. Nilifika mlangoni kwa hatua mbili. Pazia lilikuwa karibu kunigusa uso. Nikaita, "Mama?" Sikuingia.

Hapa Bungoma nilikoolewa, mke wa kijana haingii chumba anacholala baba mkwe wake. Jirani yetu Nakhungu alinieleza hayo wiki yangu ya kwanza, tukichambua maharagwe, kwa utaratibu kama mtu anayemwonyesha mgeni mahali choo kilipo. Baba hakunipa mkono wala mimi sikumpa. Kikombe chake cha chai nilikiweka mezani, akakichukua mwenyewe. Kwetu Saboti mambo haya hayana uzito huo, na nadhani ndiyo sababu niliyaogopa kuliko msichana wa hapa. Yeye angejua ni lini sheria inalegea. Mimi sikujua. Nilikimbia nje kumtafuta Baba, nikamkosa kwa ng'ombe, nikamkuta kisimani. Wakati alipoingia, Mama alikuwa amelala sakafuni na nyonga iliyovunjika kwa dakika ambazo nimezihesabu mara nyingi, na kila nikizihesabu zinaongezeka.

Hakuna aliyenilaumu. Hilo ndilo lililoninyima raha.

Alipasuliwa Kitale, kisha akakaa kwa Ivy, binti yake, ambaye ni mwalimu na anaishi hukohuko mjini. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu, na nyumbani kwa Ivy hakungekuwa na mtu wa kumwangalia mchana. Kwa hiyo Mama angerudi Jumamosi. Daktari alisema anaweza kutembea kwa fimbo, polepole, lakini akianguka tena nyonga ile haitatengenezeka. Alitaka awekewe vyuma au mbao za kushika chooni, kwenye korido na kando ya kitanda. Aliyasema hayo akimwangalia Ivy. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na mfuko wa machungwa.

Mume wangu Tonny anafanya kazi Lodwar. Alipiga simu akasema tumtafute fundi. Nilimfikishia Baba ujumbe huo, naye akaendelea kukoroga chai yake muda mrefu. Baba, mzee Jotham, alikuwa seremala kwa miaka arobaini. Nusu ya vitanda vya mtaa huu alivitengeneza yeye. Mikono ilipoanza kumtetemeka, aliwauzia vijana wa Kimilili vifaa vyake vyote kwa siku moja, randa, patasi na misumeno, ili asiendelee kuviona vikimngojea.

"Nyumba hii haijawahi kuitiwa fundi," alisema. Kisha akaongeza, macho yakiwa kwenye kikombe, "Si wewe umesomea?"

Nimesomea. Nilikaa miaka mitatu katika chuo kimoja cha ufundi pale Kitale, nikapata diploma ya ujenzi. Darasani tulikuwa wasichana wanne, na mimi ndiye niliyekuwa nikijibu maswali kwa sauti ambayo mwalimu alilazimika kuinamia. Tangu nimalize sijajenga kitu. Nilimwambia Baba nitajaribu. Tonny alituma pesa, akasema ninunue mashine za msingi tu, zile ambazo nyumba itaendelea kuzitumia, na nisiruhusu wauzaji wanichezee.

Jumanne nikaenda Kitale nikiwa na orodha. Niliiandika mara tatu. Drili ilikuwa ya kwanza, hilo halikunisumbua. Ya pili ilikuwa msumeno mdogo wa umeme wa kukatia mbao, ule unaoweza kufuata mstari uliopinda. Ya tatu ilinitesa njia nzima. Grainda inakata chuma, na kila nyumba ina chuma cha kukatwa siku moja. Lakini nilikuwa nikifikiria viganja vya Mama, ngozi yake ilivyokuwa nyembamba baada ya hospitali, na mbao ambayo haijalainishwa vizuri ikimwachia kibanzi kila asubuhi. Nilikuwa nimeandika grainda, nikaifuta, nikaandika mashine ya msasa.

Muuzaji aliitwa Kagwe. Jina lilikuwa limeshonwa kwenye koti lake. Aliniuliza kama nimetumwa na mzee. Nilipomwambia ninanunua za kutumia mwenyewe, aliwatazama wenzake, kisha akaleta sanduku la plastiki lenye mashine sita za betri, zimelala kama mayai kwenye trei.

"Hii ina kila kitu, madam. Mpaka tochi. Utaacha ya tochi?"

Nilimwambia sihitaji tochi. Akasema watu wote husema hivyo mpaka stima ipotee. Akaniuliza kama ninajua uzito wa drili ya waya, akaniwekea moja mikononi bila kungoja jibu, na wote wakatazama kama mikono itashuka. Haikushuka. Nilikuwa nimeshika nzito kuliko hiyo chuoni, ila nilisikia masikio yakiniwaka moto.

Betri zilinivutia, kusema kweli. Huhangaiki na waya na unaweza kufanya kazi hata stima ikipotea. Lakini za bei niliyoweza hazina nguvu ya kutoboa tofali la kuchoma, na betri ikifa baada ya mwaka unabaki na ganda. Nikataka ya waya, ile inayozunguka huku ikigonga. Hapo Kagwe akaacha mzaha, akauliza swali ambalo fundi yeyote huuliza.

"Ukuta ni wa nini?"

"Tofali za kuchoma. Zimepigwa plasta."

"Zote?"

"Zote," nikasema, haraka, kwa sababu nilitaka waache kuniangalia.

Akanifungia drili, msumeno, mashine ya msasa, biti za kutobolea tofali, skrubu na zile plagi za plastiki zinazozishika ndani ya ukuta. Kabla ya kurudi nilipita kwa Ivy kumwona Mama. Alikuwa ameketi dirishani, fimbo mapajani. Mama Phelista ni mwanamke mrefu, na kukonda kulimfanya aonekane mrefu zaidi. Aliniambia nimwonyeshe vitu nilivyonunua. Aligusa kila kimoja kwa kidole kimoja kama anajaribu kama kuna moto. Ivy alipotoka kwenda jikoni, alinivuta karibu.

"Choo si shida sana," alisema. "Ni asubuhi, kutoka kitandani. Unasimama na hakuna kitu cha kushika. Unashika hewa."

Nilimwambia kitakuwepo. Akaniambia nimsalimie ng'ombe.

Jumatano ilienda vizuri mno, na hilo lilipaswa kunionya. Choo na korido viko upande mpya wa nyumba. Niliweka kikomo cha kina kwenye biti kwa kipande cha plasta ya kidonda, nikatoboa, tofali likalia kama linavyopaswa kulia na vumbi jekundu likashuka kwenye gazeti. Baba alikuwa ameketi nje akinipimia mbao za mvule alizokuwa ameziweka darini tangu kabla sijazaliwa. Mimi nilizikata kwa msumeno, yeye akaniambia wapi nipinde. Nilipowasha mashine ya msasa, aliitazama ikitetemeka juu ya mbao, akaizima, akaitazama tena.

"Mama," aliniita, maana ndivyo anavyoniita, "yaani mumenunua kitu cha kutetemeka na mimi niko?" Akainua mkono wake wa kulia ukitikisika hewani. "Hii yangu hata haitumii tokeni za stima."

Nilicheka mpaka nikaaibika. Nilikuwa sijawahi kucheka mbele yake. Jioni nilining'inia kwenye mbao ya chooni kwa uzito wangu wote, haikusogea, nikalala kwa mara ya kwanza tangu aanguke.

Alhamisi ikabaki chumba chao. Tulikuwa tumekubaliana bila kusema. Mimi ningeandaa kila kitu sebuleni, Baba angeingia na kutoboa, nami ningemwelekeza nikiwa nje ya pazia. Niliweka biti ndani ya drili, nikaikaza, nikageuza kitufe kwenye alama ya nyundo. Nilimwonyesha pa kubonyeza. Nikaiweka drili mezani, akaichukua. Niliona jinsi ilivyoshuka kidogo mikononi mwake, naye aliona kwamba nimeona.

Aliivuta ekstensheni chini ya pazia. Nilimsikia akihema. Kisha drili ikaanza.

Sauti haikuwa yenyewe. Tofali hupiga kelele, jiwe linakataa kwanza ndipo linakubali. Hii iliingia kama kijiko kwenye ugali. Nilikuwa bado ninajiambia labda ni plasta nene niliposikia kishindo cha kitu kikimwagika, kitu kingi, kikiendelea kumwagika hata baada ya drili kuzima. Niliita. Hakujibu mara moja. Mikono yangu ilikuwa tayari kwenye pazia, na nilikuwa nimesimama palepale niliposimama siku ile.

"Niko mzima," alisema.

Alitoka na vumbi kwenye nyusi. Alifungua kiganja, akanionyesha. Ilikuwa udongo. Udongo mkavu wa kahawia wenye vipande vya majani, ule unaokanyagwa kwa miguu kabla ya kukandikia nyumba.

Ndipo nikaelewa. Nyumba ile ilianza kama chumba kimoja na stoo, vya miti na udongo. Sebule na korido ziliongezwa baadaye kwa tofali, kisha nyumba nzima ikapigwa plasta ya saruji na rangi ya krimu, ikaonekana moja. Ukuta ulio kati ya sebule na chumba chao ulikuwa ukuta wa nje wa nyumba ya zamani. Nilikuwa nimekaa nao miezi saba. Mtu yeyote aliyesoma ujenzi angeugonga kwa kidole na kujua. Lakini ukuta ule nilikuwa ninaukwepa hata kwa macho. Nilipima kila mahali katika nyumba ile isipokuwa hapo, na dukani nikasema zote.

Na Baba, alijua ukuta wake ni wa nini. Alipoona drili Jumanne alisema tu kwamba ni nzuri. Angeanzaje kumsimulia mke wa mwanawe habari za chumba anacholala?

Alisema shimo linatosha kuingiza kichwa cha mtoto. Alisema kosa ni la mkono wake, drili iliruka. Nilijua si mkono. Ile nyundo ingebomoa udongo ule hata kama ingeshikwa na mwamba, na ni mimi niliyegeuza kitufe.

Nilikwenda nyuma ya jiko nikampigia Tonny. Alisema nimwambie Baba apige picha ya chumba anitumie. Nikamkumbusha kwamba simu ya Baba haina kamera, na nikanyamaza kuhusu sababu ile nyingine, kwamba ningeona haya kuifungua picha hiyo. Akasema basi Mama akae kwa Ivy wiki moja zaidi. Nikampigia Ivy. Nilisikia watoto nyuma yake na sahani zikigongana. Alisema atajaribu kumtafuta mtu, lakini kwa sauti ya mtu aliyekwisha jaribu, kisha akashusha sauti akaniambia kwamba Mama alikuwa amefunga mizigo tangu asubuhi. Ilikuwa bado Alhamisi.

Niliketi kwenye debe nikajaribu kufikiria kama nilivyofundishwa. Udongo haushiki skrubu. Hakuna plagi itakayokaa. Lakini nyumba ya udongo haisimami kwa udongo, inasimama kwa nguzo. Nguzo ziko ndani ya ukuta, na mbao ikifungwa kwenye nguzo haitoki. Niliona pia kitu kingine, na kilinifanya nisimame. Ukuta ule una pande mbili. Upande mmoja ni wa sebule.

Ila ningelazimika kuuliza. Kitanda kimeegemea ukuta gani, kina urefu gani, Mama hulala upande upi. Maswali ya kumuuliza Baba mkwe, mimi, ambaye sijawahi kumuuliza hata kama amelala vizuri.

Nilimkuta kwenye zizi akimsugua ng'ombe shingo. Nilisimama nje ya uzio. Nilifungua mdomo mara mbili. Nadhani alinihurumia, kwa sababu aliokota kijiti, akainama, akachora mstari kwenye vumbi, bila kuniangalia.

"Tuseme kuna mtu fulani," alisema, akimwelekea ng'ombe. "Huyo mtu ana chumba."

"Huyo mtu," nikasema, "kitanda chake kimeegemea wapi?"

Akachora. Kichwa cha kitanda kilikuwa kwenye ukuta wa dirisha, na ubavu mmoja ulielekea ukuta wa sebule, hatua moja tu katikati. Mke wa huyo mtu hulala upande huohuo. Kitanda kinamfika mwenye nyumba gotini. Nikauliza kuhusu sakafu. Akasema huyo mtu alijenga sebule miaka mingi baadaye, kwa hiyo ukiingia chumbani unashuka ngazi moja, kama upana wa kiganja. Nilishukuru sana kwamba niliuliza. Kama ningepima kutoka sakafuni, mashimo yangu yangetokea juu kwa kiganja kizima, na hiyo ngazi yenyewe ilikuwa inamngoja Mama. Tungepima kutoka juu ya fremu ya mlango, kwa sababu fremu ni moja kwa pande zote mbili.

"Na nguzo?" nikauliza. "Huyo mtu anakumbuka alizisimamisha wapi?"

Hapo alisahau kumwangalia ng'ombe. Akaweka vijiti wima kwenye mstari, kimoja kimoja, kwa mkono unaotikisika, akitaja kila mti ulikotoka. Ile ya mlangoni ilitoka Kapsokwony, alishuka nayo yeye na kaka yake begani. Mbili zilizofuata ni mikaratusi ya shamba la baba yake. Hizo ndizo zilizokuwa mkabala na kitanda. Alizisimamisha mwaka aliomuoa Mama, na Mama ndiye aliyekandika udongo.

Ijumaa asubuhi nilikuwa wa kwanza kwenye duka la vifaa mjini Bungoma. Sikutaka mashine nyingine. Nilitaka biti moja ya mbao, ndefu kama mkono wangu kutoka kiwiko mpaka kidole, na bolti nne ndefu na nati zake. Muuzaji aliniuliza ukuta ni wa nini. Nikamwambia ni udongo, na ndani yake kuna nguzo za mkaratusi, na unene ni shubiri moja kasoro kidogo. Hakuniuliza lingine.

Tulianza saa nne. Nilisogeza kabati la vyombo na kalenda ya kanisa, nikasimama mbele ya ukuta wa sebule kama mtu anayesimama mbele ya hakimu. Nilipima kutoka fremu ya mlango. Baba alikuwa ndani. Aligonga kwa mpini wa nyundo, na mimi nikaweka sikio. Udongo ulijibu kwa sauti ya ndani, nzito. Akasogea akagonga tena. Safari hii sauti ilikuwa kavu, ya mti. Nikaweka alama ya penseli. Akagonga chini yake. Nikaweka nyingine. Nguzo zake zilikuwa pale aliposema, karibu kabisa na vijiti vyake vya zizini.

Nilitoa kitufe kwenye alama ya nyundo nikakiweka kwenye alama ya biti. Nikakikagua. Nikakikagua tena. Kisha hofu nyingine ikanijia. Biti ile ingetokea upande wa pili kwa ghafla, ikizunguka, na upande wa pili kulikuwa na mzee asiyeweza kutuliza mikono yake, na ambaye kwa miaka arobaini amezoea kuwekea kazi kiganja.

"Baba," nikasema kwa ukuta, "mikono iko wapi?"

"Iko."

"Iko wapi?"

"Nimeikalia," alisema. "Niko kitandani nimeikalia kama mtoto wa chekechea. Toboa."

Nikatoboa. Plasta iliachia kwanza, kisha udongo laini, kisha biti ikakamata mti. Mkaratusi uliokaa miaka mingi namna hiyo ni mgumu kama mfupa. Drili ilitaka kuzunguka yenyewe mikononi mwangu. Nilibana viwiko mbavuni, nikaitoa, nikasafisha biti, nikarudi. Kulikuwa na harufu ya moshi wa mti. Nilihesabu kina kwa alama niliyoweka kwenye biti na nilipokaribia mwisho nilipunguza mwendo mpaka drili ikawa inanung'unika tu. Jasho liliniingia machoni na sikuweza kulifuta. Niliwaza kwamba nguzo itapasuka. Niliwaza kwamba ukuta wote utashuka, na Mama atarudi kesho aukute kitandani mwake.

"Imefika," alisema Baba. "Ni kidogo tu. Inachungulia."

Nilifanya hivyo mara nne. Shimo la tatu lilienda kombo kwa upana wa kidole, tukalazimika kutanua tundu la mbao yake. Nilipitisha bolti, yeye akazipokea. Kwangu niliweka ubao bapa wa mvule, kwake kulikuwa na ubao wa namna hiyo wenye mpini mrefu wa kushika, mviringo, niliokuwa nimeulainisha Jumatano. Nilishika vichwa vya bolti kwa spana na yeye akakaza nati upande wake. Nilisikia spana yake ikigonga mbao kabla ya kuipata nati, tak, tak, tak, kisha kimya, kisha ule mlio wa chuma kikikaza. Mkono wake ulichelewa, ila ulifika. Alinitaka nimwachie za mwisho azikaze peke yake. Zilichukua muda mrefu. Nilisimama nikasubiri.

Mchana aliziba shimo la Alhamisi kwa udongo aliouchanganya mwenyewe, nami nikakata kwa msumeno kipande cha mbao chenye mteremko cha kufunika ile ngazi. Nilikiweka kizingitini. Yeye akakivuta ndani.

Mama alifika Jumamosi saa saba, kwenye gari la jirani wa Ivy. Nakhungu alikuja na uji. Watu walikaa sebuleni wakaomba, wakanywa chai, na kila mmoja akatazama ule ubao wenye vichwa vinne vya chuma ukutani, mahali pa kalenda. Nakhungu aliuliza kama ni pa kutundikia makoti. Baba alijibu kwamba ni kazi ya mke wa Tonny, akaishia hapo, na mimi nikaenda kuangalia sufuria isiyokuwa na kitu.

Wageni walipoondoka, Mama alipelekwa kupumzika. Alasiri Baba alikwenda kuteka maji. Nilikuwa nikikusanya vikombe niliposikia kitanda kikilia.

"Mukami," Mama aliita kutoka ndani. "Uko hapo?"

"Niko, Mama."

"Nataka kusimama."

Nilisema ninamwita Baba. Nilikuwa tayari nimeweka vikombe chini.

"Usimwite mtu," alisema. "Sikiliza. Siku ile nilisikia miguu yako mlangoni. Nikijaribu sasa na nianguke, wewe ingia. Hata kama mzee yuko ndani, ingia. Nimesema mimi."

Nilisogea mpaka kwenye pazia, nikalishika ukingo kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia niliuweka juu ya ubao, katikati ya bolti.

Nilimsikia akivuta pumzi. Kisha ubao ukavutwa. Niliuhisi ukiondoka kwenye kiganja changu kwa unene wa karatasi, nguzo ikatoa mlio mmoja mfupi, vumbi kidogo likadondoka kwenye sakafu ya sebule. Alikuwa ananing'inia hapo, uzito wake wote, upande wa pili wa mkono wangu. Pazia lilikuwa limekunjwa ndani ya ngumi yangu.

Bolti zilishika. Ubao ukarudi taratibu mahali pake, na nikasikia nyayo zake mbili zikijipanga sakafuni, moja, halafu nyingine, na fimbo ikitafuta ule mteremko wa mbao.